Mashine Ilisema Iko Sawa, Daftari la Mama Karanga Likasema Hapana

Wadau, mnaikumbuka ile Ijumaa ya 25 Agosti 2023? Saa nne kasorobo usiku stima zikapotea karibu nchi nzima. Sio mtaa, sio kaunti moja. Hata uwanja wa ndege wa JKIA ulikaa gizani mpaka serikali ikaomba msamaha. Wengi wenu mlikuwa kwa simu mkiulizana "na kwenu pia?" mpaka chaji ikaisha.

Mimi nilikuwa saiba.

Nilikuwa nimemaliza Form Four, nasubiri maisha yaanze, nafanya kazi ya kuchapisha na kupiga picha za pasipoti kwenye saiba moja hapa Malindi. Sitaitaja jina, na mwenyewe hana kosa lolote kubwa kunishinda mimi. Kwenye kompyuta ya nyuma, ile ya Linux, kulikuwa na kijiprogramu cha zamani cha kuweka hesabu za chama. Chama chenyewe ni cha mama karanga, wale mama wanaonunua samaki kwa wavuvi, wanakaanga, wanauza jioni. Kila mtu shilingi mia mbili kwa wiki. Mkopo ukichukua, unarudisha na kitu juu. Kazi yangu ilikuwa kuingiza michango kwenye mashine baada ya kufunga, nikilipwa kasoda na samaki.

Stima zilipopotea nilikuwa katikati ya kuingiza. UPS ilikuwa imekufa betri tangu zamani, sasa hivi kazi yake ni kuwekewa vikombe. Skrini ikazima, basi.

Stima iliporudi niliwasha mashine huku moyo unadunda. Nikaona mistari inapita, mmoja ukisema jenali inarudiwa. Sekunde chache tu, mashine ikawaka vizuri, hakuna kilio. Nikashukuru. Nikafungua programu ya chama. Jedwali la michango likagoma kufunguka, limeharibika. Nikalirekebisha kwa amri niliyoipata mtandaoni, likafunguka, lakini mistari imepungua. Nikajiambia poa, bekapu iko. Kila usiku kulikuwa na amri inayonakili folda nzima ya hifadhidata kwenye flashi. Nikarudisha ya jana yake.

Kumbe nayo ni tatizo jingine. Kulikuwa na michango ya wanachama ambao hawapo. Namba ya mwanachama iko kwenye malipo, ukienda kwenye orodha ya majina hakuna mtu kama huyo. Pesa bila mwenyewe. Na hizo sio data za mchezo, ni ada ya mtoto wa mtu.

Hiyo wiki nzima nilisoma kama mtu anayetafuta dawa ya mgonjwa wake. Nataka niwaeleze nilichokipata, kwa sababu karibu kila mtu anayesoma hapa ana bekapu ya aina hii mahali fulani na hajui.

Kwanza, jenali ni nini

Disk yako haijui "faili". Inajua vyumba vidogo vyenye namba. Kuna kitu juu yake kinachoitwa mfumo wa faili, ambacho kazi yake ni kama ya mwenye lojingi: anajua nani yuko chumba gani, chumba gani kitupu, nani kaingia lini. Hizo taarifa za nani yuko wapi ndizo metadata. Vitu vyako vyenyewe, picha, wimbo, hesabu za chama, ndizo data.

Shida ni kwamba kubadilisha kitu kimoja kunahitaji kuandika sehemu kadhaa. Ukiongeza faili, lazima chumba kiandikwe kimechukuliwa, jina liandikwe kwenye folda, ukubwa uandikwe. Stima zikikatika baada ya hatua ya pili, chumba kina mtu lakini kitabu kinasema kitupu. Kesho mwingine anapewa chumba hichohicho. Vurugu.

Zamani dawa ilikuwa moja: baada ya stima kurudi, mashine ikague disk yote, chumba kwa chumba. Mfumo wa ext2, uliotoka mwaka 1993 na kuwa ndio wa kawaida kwenye Linux kwa miaka, ulikuwa hivyo. Disk zikiwa ndogo unavumilia. Disk zilipokua, seva ilikuwa inaweza kukaa masaa inajikagua huku watu wanasubiri kazi.

Dawa ya pili ilitoka kwa watu wa hifadhidata. Tangu miaka ya 1970, watafiti kama Jim Gray wa IBM walikuwa wameshafikiria jambo hili kwa upande wa benki na miamala: kabla hujagusa kitu, andika kwanza kwenye daftari la pembeni unachotaka kufanya. Ukikatizwa, ukirudi unasoma daftari. Kilichoandikwa kikamilifu unakirudia. Kilichoandikwa nusu unakitupa. Hakuna haja ya kukagua nyumba nzima.

Hilo daftari ndilo jenali. Watu wa Xerox walilijaribu kwenye mfumo wao wa faili ulioitwa Cedar, wakaandika kuhusu kazi hiyo mwaka 1987. IBM wakaja na JFS kwenye AIX mwaka 1990. Windows NT ikatoka na NTFS mwaka 1993, nayo ina daftari lake. Kwa Linux, Stephen Tweedie alieleza mpango wake wa kuiongezea ext2 jenali mwaka 1998. ReiserFS ikaingia kwenye keneli mapema mwaka 2001, na ext3 ya akina Tweedie ikaingia Novemba mwaka huohuo. Utamu wa ext3 ni kwamba haukuhitaji kufuta disk. Ulichukua ext2 uliyonayo, ukaiongezea daftari, safari ikaendelea.

Sasa hapo ndipo mimi nilipodanganyika. Nilipoona "jenali inarudiwa" nikadhani kazi yangu imeokolewa. Hapana. Kilichookolewa ni kitabu cha lojingi. Mgeni aliyeko ndani ya chumba ni habari nyingine.

Mpangilio ambao hukuuchagua

ext3 ilikuja na njia tatu za kutumia daftari, na tofauti yake ni kubwa.

Njia ya kwanza, kila kitu kinapita kwenye daftari, metadata na data zote. Ni salama zaidi, lakini kila kitu kinaandikwa mara mbili, kwa hiyo kazi nyingi zinakuwa nzito.

Njia ya pili, metadata tu ndizo zinaingia daftarini, ila kuna sharti: data mpya ziandikwe kwanza mahali pake, ndipo daftari lithibitishe. Yaani mgeni aingie chumbani kwanza, halafu jina lake liandikwe.

Njia ya tatu, metadata zinaingia daftarini na data zitafika zikifika. Jina linaweza kuandikwa wakati mgeni hajaingia. Stima zikikatika hapo, unafungua faili yako unakuta mabaki ya faili ya mtu mwingine iliyofutwa mwaka jana.

Chaguo-msingi, yaani ile mashine inakuja nayo kama hujagusa kitu, ilikuwa njia ya pili. Sio ya kwanza iliyo salama zaidi, wala ya tatu yenye hatari zaidi. Katikati. Na daftari lenyewe hufungwa kila baada ya sekunde 5 hivi, kwa hiyo hata mambo yakienda vizuri kabisa, sekunde zako chache za mwisho ziko hewani.

Alafu sikilizeni hii. Njia hiyo ya pili kwenye ext3 ilikuwa na tabia mbaya: programu moja ikiomba data zake ziandikwe sasa hivi, mara nyingi ilibidi mashine iandike na za wengine wote. Mwaka 2008 watumiaji wa Firefox 3 kwenye Linux walilalamika sana kwamba mashine inaganda. Watu wakataka kasi. Keneli toleo 2.6.30 ilipotoka mwaka 2009, chaguo-msingi la ext3 likahamishwa kwenda njia ya tatu. Mwaka uliofuata, toleo 2.6.36, likarudishwa njia ya pili. Watengenezaji wengi wa Linux za kawaida, hizi tunazoweka kwenye mashine zetu, walikuwa wameng'ang'ania njia ya pili wenyewe kwenye matoleo yao. Lakini hebu fikiria: kwa zaidi ya mwaka mmoja, mtu aliyejijengea keneli bila kusoma maelezo, hatari yake ilibadilishwa na hakuna aliyempigia simu.

Kipindi hichohicho ext4 ilikuwa ndio inaingia. Ilitangazwa kuwa tayari kwenye keneli ya Desemba 2008, na ilikuwa na ujanja wa kuchelewesha kuandika data ili iziweke vizuri kwa mkupuo. Mapema mwaka 2009 waliojaribu toleo jipya la Ubuntu wakaanza kuripoti: mashine ikizima ghafla, faili zao za mipangilio zinarudi na ukubwa wa sifuri. Jina lipo, ndani hakuna kitu. Theodore Ts'o, mmoja wa wakuu wa ext4, akaeleza kwamba kwa sheria za mfumo, programu isiyoomba data zake ziandikwe haijaahidiwa chochote. Watumiaji wakasema sawa, lakini ext3 haikuwa inatufanyia hivi. Mwishowe wakaongeza kinga kwa zile hali za kawaida.

Nani alikuwa sahihi? Mimi naona wote. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo: chaguo-msingi sio sheria ya asili kama kupwa na kujaa. Ni uamuzi wa watu fulani, katika mwaka fulani, kuhusu hatari gani wewe uibebe ili mashine iende kasi gani. Waliamua kwa kufikiria mtumiaji wa wastani. Sasa jiulize kama wewe, na UPS yako inayowekewa vikombe, ni mtumiaji wa wastani.

Tusisahau tunaishi wapi. Tarehe 7 Juni 2016 nchi hii ilizimika kwa sababu ya tumbili. Sio utani. KenGen wenyewe walitangaza kwamba tumbili alipanda kituo cha umeme cha Gitaru akaangukia transfoma, mitambo ikazima, nchi nzima ikaingia giza. Tumbili akapona. Faili za watu wangapi hazikupona, hakuna aliyehesabu.

Kuhesabu watu daraja likiwa wazi

Hiyo ni ile mashine iliyozimika ghafla. Lakini ile bekapu ya flashi je? Ilichukuliwa siku iliyotangulia, stima ziko, kila kitu kiko sawa. Mbona nayo ilikuwa mbovu?

Twende Kilifi. Kabla ya lile daraja kufunguliwa mwaka 1991, watu walikuwa wanavuka kijito kwa feri. Tuseme umepewa kazi ya kuhesabu watu wote, wa upande wa mjini na wa upande wa Mnarani, na uko peke yako. Enzi za feri ungeomba feri isimame dakika chache, unahesabu huku, unahesabu kule, unapata jibu la kweli. Sasa hesabu daraja likiwa wazi na bodaboda zinapita. Umemaliza mjini umefika Mnarani, yule uliyemhesabu mjini ameshakupita, unamhesabu tena. Mwingine ameondoka Mnarani kabla hujafika, hukumhesabu popote. Kila mtu uliyemwandika ni wa kweli, lakini jumla yako ni mji ambao haujawahi kuwepo.

Hiyo ndiyo bekapu ya kitu kinachoendelea kuandikwa. Amri yangu ya usiku ilianza kunakili orodha ya wanachama. Wakati inanakili, mimi niko pale pale naingiza wanachama wapya na michango yao. Ilipofika kwenye jedwali la michango, michango mipya ilikuwa imeshaingia. Kwa hiyo flashi ikapata orodha ya saa tatu na michango ya saa tatu na dakika tano. Malipo yapo, wenyewe hawajazaliwa.

Na jenali haiwezi kukusaidia hapo hata chembe. Jenali inasubiri ajali. Huku hakukuwa na ajali, kulikuwa na watu wawili wanafanya kazi yao kwa uaminifu kwa wakati mmoja.

Kuna wanaojiona wajanja, wanasema usinakili faili, nakili disk yenyewe, chumba kwa chumba, chini kabisa. Ikiwa disk inatumika, hiyo ni mbaya zaidi. Sababu ni hilohilo daftari. Mabadiliko mapya yanaweza kuwa yako kwenye kumbukumbu ya muda, au yako daftarini tu na bado hayajahamishiwa mahali pake. Nakala yako inachukua chumba namba 10 cha sasa hivi, na ukifika chumba namba 10,000,000 dakika arobaini zimepita na daftari limeshazunguka mara nyingi. Ukijaribu kuiamsha nakala hiyo, inasoma daftari la muda mmoja kurekebisha vyumba vya muda mwingine. Na ukiwa umechagua ile njia ya kwanza, ile "salama", data nazo zinapitia daftarini kabla ya kufika chumbani, kwa hiyo anayesoma vyumba moja kwa moja anaweza kukuta vitu vya zamani. Mpangilio unaokulinda na tumbili unaweza usikulinde na bekapu yako mwenyewe.

Dawa yake ipo: picha ya papo hapo. Ni kama kupiga Kilifi yote picha na droni kwa sekunde moja, alafu unahesabu kwenye picha kwa raha zako huku watu wanaendelea kuvuka. Kwenye Linux kuna LVM inayofanya hivyo. Inausimamisha mfumo wa faili kidogo, yaliyoko njiani yanaandikwa, picha inapigwa, kazi inaendelea. Kuanzia hapo, chumba kikitaka kubadilishwa, kilichokuwemo kinawekwa kando kwanza kwa ajili ya picha.

Hata hivyo picha hiyo inaona kilichoko kwenye disk, haioni mawazo ya programu. Kama programu iko katikati ya kuandika hesabu, picha itaikuta katikati, mdomo wazi. Ukirudisha picha ile ni sawasawa na mashine iliyozimika ghafla dakika ile. Kwa hiyo swali linarudi: programu yenyewe ina daftari lake?

Hapo ndipo niligundua tatizo la chama. Kile kijiprogramu kilikuwa kinatumia MySQL ya enzi zile ambazo chaguo-msingi la kuhifadhi majedwali lilikuwa MyISAM. MyISAM haina daftari la kurudia kazi. Ikikatizwa, unarekebisha unachoweza na unasali. InnoDB inalo, nayo ndiyo ikawa chaguo-msingi kuanzia MySQL 5.5 iliyotoka mwaka 2010. Majedwali yetu yalitengenezwa kwa ile ya zamani na hakuna aliyeyabadilisha. Chaguo-msingi la mtu mwingine, la miaka mingi nyuma, limekaa Malindi linasubiri 25 Agosti.

"Si tumia cloud tu?"

Najua kuna mtu ameshaandika hivyo. Sawa, tuongee.

Mwanzoni mwa mwaka 2009 kulikuwa na tovuti ya Marekani inaitwa Ma.gnolia, watu walikuwa wanahifadhi viungo vyao huko. Hifadhidata yao ikaharibika. Bekapu walikuwa nayo. Lakini bekapu ilikuwa inanakili ile faili ya hifadhidata jinsi ilivyo, kwa hiyo ubovu nao ukanakiliwa vizuri kabisa. Tovuti ikafa, watu wakapoteza vitu vyao. Kufananisha folda mbili sio bekapu. Ukiharibu huku, na kule kunaharibika kwa uaminifu.

Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni inayohifadhi kodi za maprogramu wa dunia nzima, mfanyakazi wao alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Wakakimbilia bekapu. Ile ya kila siku ilikuwa haifanyi kazi kwa sababu programu ya kuchukua nakala ilikuwa toleo tofauti na hifadhidata, na hakuna aliyekuwa amegundua. Njia nyingine nazo zikagoma. Kilichowaokoa ni picha ya LVM ambayo mtu aliichukua saa sita hivi kabla, kwa ajili ya majaribio tu. Bahati. Hawa ni watu wanaolipwa vizuri kufanya kazi hii. Wakaeleza kila kitu hadharani, na kwa hilo nawaheshimu.

Kwa hiyo cloud ni kompyuta ya mtu mwingine yenye chaguo-msingi lake. Swali ni lile lile.

Na usidhani hili ni la watu wa seva peke yao. Simu yako ya Android, tangu Nexus S ya mwisho wa mwaka 2010 ilipohamia ext4, ina mifumo ya faili yenye kinga za aina hii. Ndani yake programu nyingi zinahifadhi vitu kwa SQLite, ambayo nayo ina daftari lake, mara nyingi ni faili ya pembeni yenye jina linalofanana na la hifadhidata. Ukinakili ile faili kubwa peke yake wakati programu iko wazi, ukaacha ile ndogo ya pembeni, unaweza kuwa umeacha vitu vya mwisho ulivyoandika. WhatsApp kwenye Android inachukua bekapu yake ya ndani ya simu saa nane usiku. Mimi naona ni saa nzuri: wengi wamelala, daraja halina watu.

Na flashi? Ile ya muziki wa matatu, ile ya assignment, ile ya chama? Nyingi zinakuja na FAT32 au exFAT, na hizo hazina jenali kabisa. Ukiichomoa ikiwa inaandika, hakuna daftari la kurudia. Sisi tulikuwa tunahifadhi pesa za mama zetu kwenye kitu ambacho hata kitabu cha lojingi hakilindwi.

Tulivyomaliza

Siku ya tatu nilienda kumuona mweka hazina. Alikuwa anakaanga, mafuta yanalia. Nikamwambia mama, kuna shida, na nikamweleza yote, mpaka kosa langu la kuingiza kazi wakati bekapu inaendelea. Nilikuwa nasubiri kutukanwa. Akapangusa mikono kwa leso, akatoa daftari kwenye mkoba. Lile la shule, la mistari, limelowa mafuta pembeni.

Akaniambia, "Mwanangu, mimi mtu akinipa pesa naandika kwanza hapa, ndio naiweka kwa mfuko. Siwezi kuweka alafu niandike, nitasahau. Ile yenu ya mashine ni ya kuchapisha tu."

Andika kwanza, ndio uweke. Yule mama hajawahi kusikia jina la Jim Gray.

Tulikaa jioni mbili. Nilichukua nakala ya mwisho ambayo majedwali yake yalikubaliana, ya wiki mbili nyuma, alafu yeye akanisomea daftari mstari kwa mstari kuanzia hapo na mimi naingiza. Nilikuwa narudia jenali kwa mkono. Mwisho jumla ya mashine na jumla ya daftari zikalingana mpaka shilingi ya mwisho. Kuna mstari mmoja ulikuwa na kiasi bila jina, wa siku ambayo mvua ilimkatiza. Akaukata. Akasema atamuuliza mwenyewe. Nusu kazi haihesabiwi.

Tulibadilisha mambo matatu tu. Majedwali yakahamishiwa InnoDB. Bekapu sasa haibebi folda, inaiomba hifadhidata yenyewe itoe nakala ya dakika moja, zote kwa pamoja. Na kila mwisho wa mwezi tunairudisha ile nakala kwenye kompyuta nyingine, tunamsomea mweka hazina jumla, yeye anaangalia daftari lake. Akisema ndio, hapo ndipo naiita bekapu. Kabla ya hapo ni faili tu.

Betri ya UPS bado haijanunuliwa. Vikombe viko palepale.

Sasa nyinyi: leo kabla hujalala, fungua bekapu yako moja, yoyote, picha, beats, assignment, hesabu za duka la mzazi. Usiangalie kama ipo, irudishe mahali pengine uone inafunguka. Alafu niambie hapo chini umekuta nini. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu anaandika kwenye daftari, msimcheke.